Mwalimu Tsofa na Digrii Kumi na Saba

Katika miaka thelathini na miwili ya kazi, mchoro mmoja tu wenye sahihi ya Mwalimu Tsofa Kingi umepatikana na kosa, na kosa lile nililifanya mimi. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo ninapoandika.

Mwalimu Tsofa anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, kutoka Kituo cha Michoro na Ufundi wa Nyumba cha hapa Kuze, Mombasa. Bi Rispah, karani wetu, ameniomba niandike wasifu wake kwa kijarida cha siku ya kumuaga, kwa sababu anasema insha zangu zinasomeka. Alinipa faili la Mwalimu, nafasi ya kurasa mbili na agizo moja: wasifu uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini siwezi kuandika miaka thelathini na miwili nikaruka wiki mbili za Agosti iliyopita, maana hizo ndizo watu wa mtaa wetu wanazozitaja siku hizi wanapomtaja.

Naitwa Hanin. Niko kidato cha tatu, na kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa katika darasa la Jumamosi, ambamo Mwalimu hutufundisha sisi wa sekondari kuchora vyumba kwa kompyuta. Tunaanza na mistari ya kuta, tunaweka milango, makabati na taa, mpaka chumba kinasimama kwenye skrini na unaweza kukizungusha ukakitazama kila upande.

Mwalimu Tsofa alizaliwa Rabai mwaka 1965. Kazi yake ya kwanza ilikuwa useremala kule Kilindini, akitengeneza vitanda na makabati ya vyumba vya mabaharia, mahali ambapo kabati likizidi upana wa kidole mlango haufungiki. Alikuja kituoni Septemba 1993. Barua yake ya maombi bado imo ndani ya faili, imeandikwa kwa mkono, na herufi zake zimesimama kama zilizopangwa kwa rula. Alipoulizwa kwa nini anataka kufundisha hapa, alijibu kwa maneno matatu: "Napenda vyumba vidogo."

Vyumba vidogo alivipata. Nyumba za Kuze zilijengwa kwa boriti, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, si matakwa ya mwenye nyumba. Kuta ni nene, ngazi ni za wembamba wa mtu mmoja na kapu lake, na pembe mraba hakuna. Katika nyumba hizo Mwalimu amechora mabaraza ya ndani, majiko, rafu za vitabu na vyumba vya maharusi. Faili lina orodha ya michoro mia nne na kumi na mbili. Wanafunzi hawakuhesabiwa, ila Bi Rispah anasema ukitembea kutoka kituoni mpaka sokoni huwezi kufika bila kusimamishwa na mmoja wao akimuulizia.

Kompyuta mbili za kwanza zililetwa mwaka 2004. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na tisa na meza ya kuchorea aliyoitengeneza mwenyewe. Walimu wenzake wawili waliomba wapewe madarasa mengine. Yeye alikwenda kuketi nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mwanafunzi, akajifunza kutoka kwa Mejumaa, msichana wa miaka ishirini ambaye mwaka uliotangulia alikuwa mwanafunzi wake. Akitaka kuuliza, aliinua mkono. Mejumaa hakujua amwite nani mbele za watu, na mwishowe akawa anamwita "Mwalimu, wewe wa nyuma." Jina hilo lilidumu miaka miwili.

Mchoro wake wa kwanza wa kompyuta ulikuwa wa jiko. Aliingiza vipimo kwa inchi, kama alivyozoea, na programu ikavisoma kuwa ni milimita. Printa ilipomaliza, katikati ya karatasi kubwa palikuwa na jiko la ukubwa wa stempu. Darasa lilicheka mpaka Mwalimu naye akacheka. Alilikata lile jiko kwa mkasi, akalibandika ukutani na kuandika chini yake: "Jiko la panya. T. Kingi, 2004." Lipo mpaka leo, juu ya swichi ya taa.

Kisa kingine ni cha Mama Mbodze, mpishi wetu. Jiko la kituo lilipokarabatiwa, Mwalimu hakumwonyesha karatasi. Alimketisha mbele ya skrini, akamwambia apike. Mama Mbodze alidhani anafanyiwa mzaha, lakini Mwalimu akaanza kulizungusha lile jiko la kwenye kompyuta taratibu, kama mtu anayeingia mlangoni, na baada ya dakika chache Mama Mbodze alinyoosha mkono kuchukua sufuria, akagonga kioo. Alinyoosha mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo Mwalimu alivyojua, baada ya kula chakula chake miaka kumi na moja, kwamba mpishi wetu hutumia kushoto, na kwamba kila kitu jikoni kilikuwa upande usiofaa. Alichora upya kabla ya saa sita. Mama Mbodze anasema huyo ndiye mwanamume wa pekee aliyewahi kumuuliza anasimama wapi anapokaanga.

Mimi si msemaji. Miezi sita ya kwanza sikuuliza swali hata moja darasani. Mwalimu aliliona hilo bila kulitangaza. Siku moja aliacha vikaratasi vyeupe kando ya kompyuta yangu, akapita. Tangu siku hiyo huandika swali langu kwenye kikaratasi, naye huandika jibu chini yake kwa penseli. Ninavyo vikaratasi arobaini na sita. Nilipokuwa na jambo kubwa kuliko yote la kumwambia, kikaratasi kilikuwepo na penseli ilikuwepo, na sikuandika.

Kwanza nieleze kuhusu kibla.

Mwalimu Tsofa ni Mkristo, na Jumapili huimba sauti ya nne kanisani kwao. Wengi wa anaowachorea hapa ni Waislamu. Mwaka wake wa kwanza aliona kwamba kila mwenye nyumba, kabla ya kuuliza chochote, aliuliza kitanda kitaelekea wapi, msala utatandikwa wapi na choo kimegeukia wapi. Hakungoja kukosea. Alikwenda kwa maimamu wawili, akauliza, akaandika. Toka hapo kila mchoro wake huanza na mshale wa kibla, upande wa kuelekea katika sala. Hata ukuta mmoja haujachorwa, mshale upo. Kutoka Mombasa, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo mshale huelekea juu ya karatasi, na chumba huchorwa kikiwa kimeinama kwa kadiri kilivyoinama kweli. Mwanafunzi mgeni huuliza kwa nini vyumba vyetu vimelala upande. Mwalimu hujibu: "Kompyuta inapenda vitu vilivyonyooka. Kuze haikuiuliza."

Mchoro wa kompyuta hukaa katika matabaka, mfano wa karatasi za plastiki zinazopitisha nuru, moja juu ya nyingine: kuta katika tabaka moja, samani katika jingine, taa katika jingine. Tabaka la kibla Mwalimu hulifunga, ili mkono wa mwanafunzi usije ukalifuta. Tabaka lililofungwa linaonekana, lakini amri yoyote unayoipa kompyuta hailifikii.

Mwezi wa Julai madrasa moja ya hapa Kuze iliamua kutengeneza chumba cha kusalia cha wanawake, ghorofani. Kamati ya akina mama ilimpa Mwalimu Tsofa kazi hiyo, na mwenyekiti wa kamati ni bibi yangu, Bi Hind. Mwalimu alisema wazi kwamba ni kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na akaniteua mimi nimsaidie kwa sababu tulikuwa tumefunga shule. Alipima chumba mwenyewe. Kuta zake zimeachana na kibla kwa digrii kumi na saba. Alichora kuta, akaweka mshale, akalifunga tabaka lake, na Jumanne moja ya Agosti akaniachia kazi moja: nichore mistari ya safu za kuswali, ambayo fundi angeifuata kukata zulia.

Jumatano asubuhi nilikifungua kile chumba kwenye skrini, kimeinama, nikaona hakipendezi. Huo ndio ukweli wote. Ulikuwa mchoro wangu wa kwanza ambao ungetoka nje ya darasa, na bibi angeuona. Nilichagua kila kitu, nikakizungusha mpaka kuta zikalingana na kingo za karatasi. Kila kitu kilizunguka isipokuwa mshale, kwa sababu tabaka lake lilikuwa limefungwa. Ulibaki ukielekea juu ya karatasi, umesimama wima katikati ya chumba kilichonyooka, na mimi nikauona mzuri. Nikachora safu zangu kwa kuufuata. Ziliendana na ukuta wa mbele kama mistari ya daftari.

Nilipomletea Mwalimu karatasi, Ayman, fundi wa mazulia, alikuwa tayari mlangoni na kisu chake cha kukatia, anasubiri. Mwalimu alivaa miwani akaitazama karatasi kwa muda. Akaniuliza: "Hanin, kuna ulichogusa zaidi ya safu?"

Nikasema: "La, Mwalimu."

Nilijiambia kwamba kunyoosha si kugusa. Hata nilipokuwa nikijiambia hivyo nilijua.

Yeye aliitazama karatasi tena, akacheka kidogo, akasema: "Basi kilichopinda ni kumbukumbu yangu." Akatia sahihi. Alikuwa ameshika kalamu kwa mkono uliopima chumba kile, na akaliamini neno langu kuliko mkono wake.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku moja kabla ya kufunguliwa chumba, zulia lilikuwa limetandikwa. Tuliitwa. Maalim Ghassan, mkuu wa madrasa, alikuwa amesimama kwenye safu ya kwanza bila viatu, na akina mama wanne wa kamati walikuwa kando ya dirisha, bibi akiwa mmoja wao. Maalim alieleza kwa upole kwamba chumba cha watoto kiko chini ya hiki, kuta zao ni zile zile, na chini safu zimekwenda mshazari tangu enzi za baba yake. Huku juu zimenyooka na ukuta. Akasema haziwezi kuwa sawa zote mbili. Alikuwa ameshika simu yenye dira, lakini hakuinyanyua. Nadhani hakutaka kumwaibisha mtu kwa simu.

Mwalimu Tsofa alitazama zulia, akatazama karatasi, akatazama tena zulia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa vipimo. Nilijua kabla yake, kwa nusu dakika hivi, na nusu dakika ile bado sijaimaliza.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Kosa ni langu."

Maalim alijibu kwamba hakulitarajia kwake. Ayman alianza kusema kwamba yeye alikata kama alivyopewa, na Mwalimu akamkubalia kabla hajamaliza. Ndipo bibi akasema, kwa sauti ya chini, na najua alikusudia wema: "Msimlaumu sana. Kibla si chake."

Mwalimu aliikunja karatasi mara mbili, akaomba apewe siku nne.

Siku nne zile alifanya kazi ambayo, kama ningeandika wasifu bila kosa langu, ningeiweka ukurasa wa kwanza. Zulia lilikuwa limeshakatwa na halingeweza kurudishwa. Aliligeuza digrii kumi na saba kwenye kompyuta, kipande kwa kipande, akaona vipande havifiki tena ukutani na kwamba kona mbili zinabaki wazi, kila moja pembetatu. Mwingine angetafuta viraka. Yeye aliuliza ni akina mama wangapi hawawezi kupiga magoti. Walikuwa saba. Katika pembetatu ya nyuma akachora benchi lenye umbo la pembetatu ile ile, la kuswalia kwa kuketi, na katika pembetatu ya mbele akachora rafu za misahafu. Alilijenga lile benchi mwenyewe, kwa mikono ya useremala ambayo sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Jumanne chumba kikafunguliwa. Ukiingia leo utadhani pembetatu zile zilikusudiwa tangu mwanzo.

Jumamosi iliyotangulia ufunguzi, katikati ya siku zile nne, tulikuwa na darasa kama kawaida. Mwalimu aliwasha projekta akalifungua lile faili ukutani, mbele ya wanafunzi kumi na wanne. Alisema atatuonyesha kosa lilivyotokea. Nilikuwa nimeketi safu ya pili. Kila faili letu hujiandika lenyewe ni nani aliyelihifadhi, siku gani, saa ngapi na amri gani alizotoa. Unalifungulia dirisha dogo na jina lipo. Mwalimu alipeleka kishale mpaka penye dirisha lile. Kisha akasimama, akaizima projekta, akarudi kwenye kompyuta yake, akasoma peke yake. Nilihesabu pumzi zangu kufika tisa. Alilifunga lile dirisha, akaiwasha projekta tena.

Hakutazama upande wangu hata mara moja. Alifundisha saa nzima kuhusu tabaka lililofungwa: kwamba yeye alilifunga ili kulinda, na kwamba kitu kilichofungwa hakisogei pamoja na vingine, kwa hiyo anayefunga ana wajibu wa kukumbusha. Alisema kosa lake lilikuwa kutokumbusha. Mwenzangu Terry aliuliza ni nani basi aliyezungusha chumba. Mwalimu akamwambia: "Aliyetia sahihi." Mambo yakaishia hapo.

Nilidhani yameisha. Lakini maneno ya bibi yalishuka ngazi za madrasa na kutembea. Dukani nilisikia watu wawili wakisema mzee macho yamemchoka, ndiyo maana anaondoka. Wengine walisema kwa upole zaidi, na upole huo ndio uliokuwa mbaya: kwamba si wetu, angejuaje. Miaka thelathini na miwili aliwawekea watu kibla kabla ya ukuta, na nikasikia mtu ambaye kitanda chake kilichorwa na Mwalimu Tsofa akisema angejuaje.

Septemba, nyumba mbili ziliomba michoro yao itazamwe upya na mtu mwingine. Oktoba, kamati ya bibi ilipotaka kuchoresha mahali pa kutawadha karibu na chumba kile kile, walikubaliana watafute mchoraji mwingine. Na Mwalimu hakupanga kwenda kupumzika. Amekwisha kupata chumba cha chini katika uchochoro wa nyuma ya kituo, ameshahamishia humo meza yake ya kuchorea, na alikusudia kuwachorea watu wa Kuze mpaka mkono utakapokataa. Wiki iliyopita nilipita pale. Mlango ulikuwa wazi, ameketi, meza imefutwa safi, hakuna karatasi juu yake. Aliniamkua kama kawaida, akaniuliza habari za shule. Niliitikia kwa kichwa nikapita haraka.

Hayo ndiyo niliyotaka yajulikane. Mwalimu Tsofa Kingi hakusahau kibla. Aliyekigeuza chumba ni Hanin, binti wa Kuze, niliyesoma madrasa hiyo hiyo tangu nina miaka mitano na niliyeswali katika zile safu za mshazari za chini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kisha nikaulizwa, nikasema la.

Mwalimu, kwa niaba ya kituo na ya darasa la Jumamosi, tunakushukuru kwa michoro mia nne na kumi na mbili, kwa jiko la panya, kwa benchi la akina mama saba, na kwa kuinua mkono mbele ya mwanafunzi wako ulipokuwa hujui. Tunakuombea afya ya macho na mikono, nyumba yenye furaha kule Rabai, na watu wengi mlangoni pako hapa Kuze. Uishi vyema, Mwalimu.

Wasifu ulipaswa kuishia hapo. Niliumaliza Jumapili tarehe 16, na kabla ya kuupeleka kwa Bi Rispah nilikwenda kwa bibi nikamsomea. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika pale kwenye maneno yake, mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Hayo niliyasema mimi," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Naye yuwajua kuwa ni wewe?"

Nikamwambia yuwajua tangu Agosti. Aliendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha, na mimi sikuthubutu kuondoka. Kisha akasema Jumanne kuna kikao cha kamati, nitakwenda naye, na nitayasema mwenyewe. Yeye alikuwa na yake ya kusema baada yangu.

Jumanne nilisimama mbele ya akina mama kumi na mmoja. Nilikuwa nimejiandikia sentensi sita, nikaweza kusema tatu: kwamba mimi ndiye niliyekizungusha chumba, kwamba Mwalimu aliniuliza nikamwambia uongo, na kwamba amelijua hilo miezi mitatu hajanitaja. Bi Duha, jirani yetu, akauliza ni Hanin huyu huyu ambaye hata salamu huitikia kwa shingo. Wawili walicheka, wengine hawakucheka. Bibi akasimama. Alisema kwamba siku ile alimwambia mtu kibla si chake, na aliyekipoteza alikuwa wa nyumba yake mwenyewe. Akaketi. Walikubaliana mahali pa kutawadha pachorwe na Mwalimu Tsofa, na Maalim Ghassan akaombwa azitembelee zile nyumba mbili yeye mwenyewe, awaeleze ukweli.

Jumatano bibi na Maalim walikwenda kwenye kile chumba cha chini, na mimi nilifuata nyuma. Bibi alimwomba Mwalimu radhi akiwa amesimama, ingawa aliletewa kiti. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema radhi ameitoa, na kazi ataifanya, lakini vipimo achukue Hanin.

Alhamisi baada ya shule nilikwenda pale pa kutawadha na tepu ya kupimia. Nilipima kuta nne, nguzo moja na kimo cha mfereji wa maji ukutani, kila kipimo mara tatu, nikampelekea. Alisoma orodha yangu mpaka chini, akaniuliza kama vyote vimekamilika. Nikamwambia unene wa ukuta wa nyuma sikuupima, sikuufikia, na namba niliyoiandika hapo niliikisia.

Akaifuta ile namba kwa kifutio, akachukua mfuko wake, tukaenda kuupima.